Ombi la Kuitangaza Meza Yetu ya Chakula Kuwa Anga ya Jeshi

Nyumba yenye mlango wa kijani,
Nyuma ya duka la fundi baiskeli.

Ijumaa, saa kumi kasoro robo alasiri kwa saa ya sebuleni kwetu
(kwa saa za watu wengine, toa dakika saba).

Kwa Mkuu wa Jeshi la Anga,
Makao Makuu.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: MEZA YETU, NA MALALAMIKO MATANO DHIDI YA FAMILIA YANGU

Naomba radhi kwa kukuandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Nilitafuta mtu wa kupitia kwake, nikakuta wote ninaowafahamu wamo kwenye malalamiko.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Sijawahi kupanda ndege, na ndege niliyoiona kwa karibu zaidi ilikuwa imechorwa kwenye basi. Hata hivyo, kila Jumamosi saa kumi alasiri ninaongoza ndege nane za kuangusha mabomu kupita milima, mito na mizinga ya adui. Sijui kama huko makao makuu mnaruhusiwa kucheza, kwa hiyo nitaeleza. Ni mchezo wa kompyuta wa vita vya angani, lakini si ule wa kufyatua risasi tu na kushangilia. Ndege zetu ni za zamani, zenye injini mbili na mapangaboi. Hazina setilaiti. Kwenye skrini hakuna kidoti kinachokuonyesha uko wapi. Kikosi chetu kina watu tisa kutoka miji tofauti, na hatujawahi kuonana. Wanane ni marubani. Wa tisa ni mimi, mwongoza njia.

Mimi sirushi chochote. Nina ramani ya karatasi niliyoichora mwenyewe, rula, kipimapembe, penseli ya buluu na saa. Napima umbali, nagawanya kwa mwendo, natoa upepo, kisha nasema kwenye hedifoni, "Geukeni digrii tisini, dakika kumi na mbili," na ndege nane zinageuka.

Naomba uyatafakari hayo maneno ya mwisho. Shuleni, mwalimu akiuliza jambo ninalolijua, jibu hunifika kooni likakaa hapo mpaka kengele ilie. Mwaka jana nilimaliza wiki nzima bila kumwambia jirani yangu wa dawati kwamba amekalia daftari langu. Lakini Jumamosi nikisema geukeni, watu wanane wanageuka, na kiongozi wetu, tunayemwita Radi, anajibu, "Tumekusikia, Dira." Dira ni mimi. Hakuna mahali pengine duniani ninapoitwa nikaitika kwa sauti inayosikika.

Kesho kikosi kinakutana kupiga kura. Nina hakika ni kura ya kuniondoa. Sababu za kuondolewa kwangu ziko hapa chini kwa mpangilio, na utaona kwamba hakuna hata moja iliyo kosa langu.

1. MEZA

Nyumbani kwetu kuna meza moja, nayo ina serikali tatu. Mama yangu ni fundi cherehani, na juu ya meza hiyo hukata vitambaa. Bibi yangu, mama yake Mama, hupanga hapo vyombo vya chakula. Mimi nina upande wa dirishani, ambako Baba aliniwekea kompyuta ya zamani iliyotolewa ofisini kwa rafiki yake, na hapo hapo ndipo ninapotandaza ramani. Hakuna sheria inayosema nani apite wapi na saa ngapi.

Mwezi uliopita nilikuwa nawapitisha marubani kwenye bonde jembamba, mawingu yako juu, milima kushoto na kulia. Bila taarifa yoyote, bakuli la mchuzi likatua katikati ya bonde. Rubani mmoja tunayemwita Pilipili, ambaye hana subira, akauliza bonde linaendelea hadi wapi. Sikuweza kumwambia. Bonde lilikuwa chini ya bakuli. Nilijaribu kulinyanyua lakini lilikuwa la moto, na wakati natafuta kitambaa cha kushikia, ndege mbili zilikwisha kugonga mlima.

Mama alisema, "Mwanangu, ndege zisubiri kidogo, watu wale." Mheshimiwa, wewe unajua kwamba ndege hazisubiri, zikisubiri zinaanguka. Nilipomwomba Mama siku nyingine kitambaa cha mteja kisubiri kidogo, alinitazama kama niliyetukana. Bakuli liliacha alama ya duara, na kwa kuwa penseli haikufutika vizuri hapo, tuliamua iwe ziwa. Liko kwenye ramani zetu zote hadi leo. Linaitwa Ziwa Mchuzi.

2. SAA ZA BABA

Baba yangu ni fundi saa. Ungedhani hiyo ni bahati kwa mwongoza njia, maana kazi yetu yote ni saa. Lakini Baba ana imani kwamba familia ikiambiwa ukweli kuhusu saa itachelewa. Kwa hiyo saa ya jikoni iko mbele dakika tano, ya sebuleni saba, na ya chumbani sijui, kwa sababu nayo ameifanya iende mbele kidogo kidogo ili tusiizoee. Iliyo sahihi ni moja tu, ile anayoivaa mkononi, na ameigeuzia ndani ya kiganja.

Mara ya kwanza niliyoongoza kikosi tulipaswa kukutana na ndege za kutulinda juu ya mlima saa kumi na nusu kamili. Tulifika dakika saba kabla. Tukazunguka ule mlima peke yetu kama kuku waliofungiwa nje, mpaka adui akaona huruma akaja kutumaliza. Pilipili akaniuliza, "Dira, kwenu mna jua lenu peke yenu?" Nilipomweleza Baba madhara hayo, aliweka chini miwani yake ya kazi, akafikiri, akasema, "Lakini hamkuchelewa."

3. BIBI

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu Bibi nampenda.

Bibi haamini kwamba ni mchezo. Ukimwambia ni mchezo anasema sawa, halafu anauliza wale watoto wanatua saa ngapi. Siku moja nilikwenda kunawa mikono, sikuchukua hata dakika mbili. Niliporudi nikamkuta ameketi kwenye kiti changu, hedifoni kichwani juu ya kilemba, anazungumza. "Hamjambo wanangu? Mmekula? Na wewe unayekohoa, kifua kimekubana tangu lini?" Radi, ambaye hajawahi kuogopa mzinga, akajibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Tangu juzi, Bibi. Shikamoo." Baada yake marubani wote wakampa shikamoo mmoja mmoja, naye akaitika wote mmoja mmoja. Katika muda huo hakuna aliyekuwa anatazama nje. Ndege tatu zikatunguliwa zikiwa kwenye salamu.

Si hilo tu. Mkono wake ulikuwa umekaa juu ya kitufe kinachofungua mawasiliano kwa wote, yaani pamoja na adui. Adui naye akatoa shikamoo. Bibi akafurahi, akamuuliza nao wako wangapi, wametoka mbali, wamekula? Kisha akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Basi wa kwangu wako hapo karibu na mto, mtaonana."

Wakaonana.

Nimefikiri sana namna ya kumdhibiti Bibi. Njia ya kijeshi ni kumpa cheo ili aweze kupewa amri. Tatizo ni kwamba hapa nyumbani hakuna anayeweza kumwamrisha. Mama mwenyewe, Bibi akisema "wewe mtoto", hushusha mkasi. Kwa hiyo cheo chochote chini ya cha kwako hakitafaa.

4. KARATASI

Hili ndilo lililonimaliza.

Mama hukatia nguo kwa karatasi za kaki. Huchora umbo la gauni kwenye karatasi, huandika vipimo vya mteja pembeni, huikunja kama msokoto na kuifunga kwa ukanda wa kitambaa. Mimi hunipa mabaki ya karatasi hizo hizo. Nachora ramani, naandika pembeni digrii za kila kipande cha safari, naikunja, naifunga kwa ukanda wa kitambaa hicho hicho. Mama haandiki kipimo hiki ni cha nini. Anaandika tarakimu tupu, kwa sababu mpangilio anao kichwani. Mimi pia naandika tarakimu tupu, kwa ajili ya usalama.

Ijumaa iliyopita Bibi aliondoa kila kitu mezani ili tule. Misokoto miwili akaisimamisha nyuma ya cherehani. Mmoja ulikuwa njia ya kwenda kulipiga daraja kubwa la adui, daraja ambalo kikosi chetu kimejaribu mara sita na mara zote sita hakuna aliyerudi. Nilikuwa nimefanya kazi juu ya njia hiyo siku tisa. Mwingine ulikuwa gauni la Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye mdogo wake anaolewa.

Jumamosi nilichukua msokoto.

Niseme ukweli kwamba nilipoufungua nilishangaa kidogo. Kulikuwa na mstari mrefu mzuri, kisha mkunjo mpana, kisha mkunjo mwingine. Nilijiambia kwamba jana nilichora vizuri kuliko ninavyokumbuka. Alama za mto na daraja niliona zimefutika. Lakini tarakimu zilikuwepo: 140, 104, 86, 112, 58. Zote zilielekea upande wa mashariki, na daraja liko mashariki. Nikaweka rula, nikapima mistari, nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Geukeni digrii mia na arobaini."

Mheshimiwa, ndivyo nilivyoziongoza ndege nane za kivita kwa urefu, kifua, kiuno, nyonga na mkono wa Mwalimu wa Jiografia.

Kwenye urefu hakukuwa na tatizo. Tulipomaliza kifua, Radi aliuliza mbona hatujaona mto. Nikasema unakuja. Kwenye kiuno mawingu yalifunga. Kwenye nyonga tulikuwa juu ya vilima ambavyo sijawahi kuviona, na Pilipili akaanza: "Dira, huku ni wapi? Kuna mtu anaishi huku? Mama yangu, hata adui hatufuati, ameona aibu." Watu wakacheka. Kisha tukaingia kwenye mkunjo ule mpana, ambao sasa najua ni kwapa, na nikawazungusha wote wanane kwapani mara moja na nusu kwa sababu sikuelewa mstari unatokea wapi. Mafuta yalikuwa yamefika nusu. Radi akasema polepole, "Dira, tupe digrii ya mwisho." Nikasema hamsini na nane. Akauliza, "Una hakika?"

Nilifungua mdomo. Jibu likafika kooni, likakaa hapo hapo linapokaa shuleni. Nilimsikia Radi akiita, "Dira? Dira?" Nikavua hedifoni, nikaizima kompyuta.

Tangu siku hiyo sijaiwasha. Kwenye simu ya Mama kuna ujumbe wa kikosi ambao sijaufungua, leo asubuhi ulikuwa umefika thelathini na moja. Wa juu kabisa unaonekana mwanzo wake tu: "Kesho saa kumi tunapiga kura kuhusu Dira." Sihitaji kusoma jumbe nyingine thelathini. Bibi kila tukikaa kula ananiuliza, "Wale watoto walifika nyumbani?" na mimi namjibu kwamba sijui. Jana aliacha kula.

5. GAUNI

Wakati mimi naruka na gauni, Mama alikuwa anakata ramani.

Tarakimu zangu zilikuwa 074, 090, 118 na 270. Mama ni fundi mzoefu, hakutishika na mpangilio. Sifuri za mbele aliziona ni uchafu wa penseli. Akaamua tisini ni kifua, sabini na nne ni kiuno, mia moja na kumi na nane ni nyonga. Mistari aliyoikuta hakuielewa, akajichorea mingine. Ile 270, ambayo ni digrii za kurudi nyumbani, akasema ni urefu: Mwalimu anataka gauni lenye mkia.

Jumatatu Mwalimu alikuja kujaribu. Mama alimpokea mlangoni kwa furaha: "Mwalimu, hongera! Kiuno kimekatika!" Mwalimu alishukuru bila kujua anashukuru nini. Mimi nilikuwa nimeshika kisahani cha pini, kazi ambayo haihitaji kusema. Gauni liliingia kichwani, likapita mabegani kwa shida, na zipu ilipofika juu Mwalimu alivuta pumzi akabaki nayo. Nyuma yake mkia ulitoka sebuleni, ukapita korido, na ncha yake ikawa jikoni.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, maana kubwa haikuwa na pa kupitia, "huu mkia unakwenda wapi?"

"Si wewe uliyeutaka, Mwalimu?"

"Nani amekupa vipimo hivi?"

Mama akaileta karatasi. Mwalimu akavaa miwani. Akaona mshale wa kaskazini. Akaona mto, daraja na Ziwa Mchuzi. "Hii ni ramani," akasema, na kisha akageuka kunitazama, na mkia wote ukageuka naye ukaangusha stuli jikoni. Alinitazama, akaitazama ramani, akanitazama tena kama mtu anayelinganisha picha na mwenyewe. Hakuniuliza kitu. Alivua gauni, akaikunja ramani yangu, akaitia kwenye mkoba, akaondoka nayo.

Natumaini unauona uzito wa jambo hili. Njia ya siri ya kulifikia daraja iko mikononi mwa raia. Nakala yake ya pili imeshonwa kwa kitambaa cha zambarau, na itavaliwa harusini mbele ya watu mia mbili, wakiwemo wapiga picha. Adui mwenye utepe wa kupimia anaweza kuisoma njia yetu yote akiwa anacheza muziki.

Mama naye amekasirika, kwa sababu Mwalimu ni mteja wake wa miaka mingi na hajui kama atarudi. Ametangaza kwamba kuanzia sasa ramani hairuhusiwi mezani, chini ya meza, wala popote karibu na cherehani. Kwa hiyo hata kura ya kesho ikinibakiza, sina mahali pa kuongozea.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa, naomba kwa heshima:

Kwanza, meza yetu itangazwe kuwa anga ya jeshi kila Jumamosi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, na kitambaa, bakuli au sahani yoyote isiivuke bila kuomba kibali. Pili, Baba aamriwe kuigeuza saa yake ionekane. Tatu, suala la Bibi ulishughulikie mwenyewe, maana mimi nimeshindwa. Nne, Mama aandikiwe barua yenye muhuri mkubwa kwamba tarakimu zinazoanza na sifuri si mali yake. Tano, watumwe askari wawili kwa Mwalimu wa Jiografia wakalichukue gauni na ramani. Wawe wapole, wavue viatu mlangoni, na wasimwambie ni mimi niliyewatuma, kwa sababu Jumanne tuna kipindi chake.

Na kama mambo hayo yote hayawezekani, basi naomba moja tu: andika mistari miwili kwa kikosi changu kuwaeleza kwamba sikuwapoteza kwa makusudi, na kwamba nilizima kompyuta kwa sababu nilishindwa kusema, si kwa sababu sikujali. Wewe wakikusikia watageuka.

Wasalimie marubani wote, na wale wanaojaza mafuta, na mpishi wenu, na walinzi wa geti. Kama kuna waongoza njia waliostaafu wakiwa hawajapotea hata mara moja, nao wasalimie sana, na waulize walikuwa wanachorea wapi.

Ni mimi mtiifu wako kutoka upande wa dirishani,

DIRA

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Bibi alipokuja na simu ya Mama, akaiweka mbele yangu, akasema, "Mimi sijui kusoma haya madude. Nisomee. Kama wamekufa, niambie wamekufa." Kwa hiyo nimesoma, ujumbe wote thelathini na moja, kwa sauti, na sasa imenibidi niifungue bahasha kwa mvuke wa birika.

Walifika, Mheshimiwa. Nilipozima kompyuta walikwenda na digrii ile ya mwisho niliyowapa, hamsini na nane, kwa sababu hawakuwa na nyingine. Baada ya dakika nne mawingu yakafunguka na daraja lilikuwa chini ya pua zao. Walitokea upande wa vilima, ambako adui hajaweka hata mzinga mmoja kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili zake angepita huko. Tena walifika dakika saba kabla ya muda, kwa sababu niliwarusha kwa saa ya sebuleni, na walinzi wa adui walikuwa bado hawajapaa. Daraja limekwisha. Wamerudi wote wanane, kwa mara ya kwanza tangu kikosi kianzishwe. Adui wenyewe wameandika, na Radi ametuletea maneno yao, ujumbe wa kumi na nane: "Njia gani ile? Tumpe shikamoo Bibi."

Ujumbe ule wa kura nilikuwa sijaufungua hadi mwisho. Unasema hivi: "Kesho saa kumi tunapiga kura kuhusu Dira kuchora njia zote za msimu huu. Hatupigi bila yeye. Dira, uko wapi?" Jumbe nyingine kumi na mbili ni za Pilipili peke yake, na zote zinauliza kama ninaumwa.

Bibi alinitazama nikisoma. Kisha akasema, "Haya, wajibu. Usiandike. Sema." Nikabonyeza kitufe cha kutuma sauti nikasema, "Nipo." Neno moja tu, lakini limetoka.

Nikiwa bado nashangaa, Mwalimu wa Jiografia amekuja kuchukua gauni. Mama alikuwa amelifungua mbavuni na kuliongeza kitambaa, na alikuwa amekwisha kushika mkasi kuukata mkia, lakini Mwalimu akamzuia. Anasema ametembea nao kwenye ndoto siku tatu na hawezi kuuacha. Ramani yangu ameirudisha ikiwa na wino mwekundu: alama kumi na nane kati ya ishirini. Mbili amezikata kwa sababu Ziwa Mchuzi halipo. Chini ameandika kwamba Jumanne nitawafundisha darasa kusoma digrii, dakika kumi, nimesimama. Nilijaribu kukataa lakini jibu likakaa kooni, na yeye amelihesabu kuwa ndiyo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, malalamiko namba moja hadi tano nayafuta. Nilikuwa nisitume barua hii kabisa, ila stempu imekwisha kukauka kwenye bahasha. Askari wawili usiwatume. Wakija, Bibi atawauliza kama wamekula, na hawataondoka kabla ya kesho.

Lililobaki ni tatizo moja dogo. Kikosi kinataka njia mpya kama ile, na mimi siwezi kuwaambia ile niliipataje. Mwalimu hawezi kupimwa tena, ameshapata nguo yake. Nilimweleza Mama, akatafakari kama fundi anavyotafakari mshono, akasema wateja wembamba hawatatufikisha mbali. Sasa hivi ananiita nikashike utepe. Vyombo vimeondolewa mezani bila mimi kuomba, na karatasi mpya ya kaki imetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Bibi amesimama katikati ya sebule, amevua kilemba, amenyoosha mikono yote miwili kama mabawa, na anamwambia Mama asibane, apime kwa haki, kuna watoto wa watu wanategemea.

Kiuno ni digrii tisini na sita.